Goli la Upande wa Kiwanda

Dawa za golini sikuziamini nilipokuwa mtoto na siziamini leo. Lakini ukikubali kuwa mwamuzi wa ligi ya mitaa hapa Panda, unakubali pia kusimama kando ya goli ukiangalia wanaume wazima wanavyochimbachimba ardhi kutafuta hirizi. Ndiyo ilikuwa desturi yetu kabla ya fainali. Kila timu ilikuwa na haki ya kupekua magoli yote mawili mbele ya mwamuzi, siku chache kabla ya mchezo. Halafu mashimo yalifukiwa, na watu wakakanyagakanyaga mpaka udongo ukae. Mimi niliuita upuuzi, na niliuita hivyo kwa sauti ya kusikika. Niliuruhusu kwa sababu fainali isiyopekuliwa ilikuwa ikiishia kwenye mawe.

Filimbi yenyewe niliipata kwa hasira. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili moja nilikuwa pembeni ya uwanja nikila karanga zangu kwa amani, mwamuzi wa wakati ule akakubali goli ambalo kila mwenye macho aliona limefungwa kwa mkono. Walimkimbiza mpaka penye taxi-bus, akapanda bila kuuliza gari linakwenda wapi, na hatukumwona tena. Filimbi yake ilibaki kwenye vumbi. Watu wakaanza kushikana mashati. Nikaiokota, nikaipuliza mpaka masikio yangu mwenyewe yakauma, nikawaamuru wakae chini kama ninavyowaamuru watoto wa darasa la tatu. Wakakaa. Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Arbitre, yaani Mama Mwamuzi, sokoni na kanisani pia.

Fainali ninayotaka kuisimulia ilikuwa kati ya Kampi na Wachimbaji. Kampi ni sisi: watoto wa wafanyakazi, nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni kwa safu, misa ya asubuhi, baba aliyezeeka akiunguza mikono kiwandani. Wachimbaji ni wale waliokuja kutoka kila upande wakajenga ng'ambo ya reli. Wanachimba shaba kwa mikono, wake zao wanauza na kununua, na makanisa yao yanasali kwa ngoma mpaka mchana. Kwa ajili yao tuliweka sheria kwamba mpira hauanzi mpaka mchungaji wao aseme amina ya mwisho. Watu wa Kampi walinung'unika kila Jumapili, nami kila Jumapili niliwaambia wanunue subira.

Zamani pande hizi mbili hazikusalimiana. Penye bomba la maji walirushiana matusi, na siku moja mawe. Sitasema mpira uliwafanya malaika. Ila ulipokuja, walianza kusimama kwenye mstari mmoja wa majivu, bega kwa bega, wakimtukana mtu mmoja, yaani mimi. Mapumziko yalikuwa wakati wa matangazo. Mama mmoja muuza karanga mwenye koo la tarumbeta alisimama katikati ya uwanja akatangaza nani amejifungua, nani amelazwa, mbuzi wa nani amepotea, matanga yako wapi. Mchimbaji alipofunikwa na udongo, vijana wa Kampi walikwenda kubeba jeneza, na baba wa Kampi alipokufa kwa kifua, Wachimbaji walikesha nasi. Yote hayo yalitangazwa pale, kwenye uwanja mwekundu wenye magoli ya mabomba ya chuma, moja upande wa kanisa, jingine upande wa kiwanda. Mahali pengine pa kukutania hatukuwa napo.

Mdogo wangu alikuwa kipa wa Wachimbaji. Watu wa Kampi hawakumsamehe, maana alizaliwa kwetu, mimi yaya yake, yaani dada mkubwa, nikamlea baada ya mama kufariki. Kiwanda hakikumwajiri. Akashika mtaimbo akaenda kwenye mashimo, akaoa huko, akasali huko, akacheza huko. Ila yeye na mkewe walilala kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yangu, na chakula chake nilikijua.

Siku ya kupekua ilikuwa Alhamisi, baada ya shule. Goli la upande wa kanisa lilipekuliwa haraka, tukakuta kisoda na mfupa wa kuku. Kwenye goli la upande wa kiwanda Kampi wakakaza shingo. Fainali iliyotangulia walikuwa wamefungwa magoli yao yote pale, wakaamini kuna kitu kimezikwa chini sana. Kapteni wao ni kijana anayebeba msalaba mbele ya padri. Alinijia na uso wa mtu anayekwenda kuungama.

"Mama Arbitre, minye siamini ile mambo," akasema. "Lakini tuchimbe chini kabisa."

Wakachimba. Ardhi ya upande ule ni ngumu, imechanganyika na mabaki meusi ya kiwanda, na jembe lilirukaruka tu. Vijana wetu walishaanza kupuliza viganja. Ndipo kapteni akapata wazo. Akawageukia Wachimbaji waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakicheka.

"Bale njo banajua kuchimba," akasema. "Bachimbe bo benyewe. Shiye tutaangalia kama beko naficha kintu."

Nawauliza wenye akili: nani anamwita mchimba shaba amchimbie shimo, halafu anashangaa kilichotoka? Lakini wakati ule wote tuliona ni wazo zuri, hata mimi. Mdogo wangu akavua shati, akaruka shimoni na mtaimbo wake, akaanza. Alichimba huku akiimba na kutania, anauliza kama wakikuta dawa watagawana nusu kwa nusu. Shimo likamfika magoti, halafu kiuno. Halafu mtaimbo ukabadilika sauti, naye akaacha kuimba.

Aliinama. Alipoinuka alikuwa na bonge mkononi. Akalitemea mate, akalisugua kwa kidole gumba, akaligeuzia jua. Hata mimi nisiyejua mawe niliona ule ukijani.

Wachimbaji walisimama wote kwa pamoja. Kelele zao nilizizoea, ukimya wao nilikuwa sijausikia, na uliniogopesha.

"Ni matière?" mmoja akauliza taratibu. Ndivyo wanavyoyaita mawe yenye shaba.

Mdogo wangu alilifikicha tena lile bonge, akaninyanyulia macho, na nikajua.

"Litupe humo," nikamwambia. "Funikeni shimo."

"Yaya..."

"Funika!"

Wakafunika. Niliwasimamisha wote pale golini, nikawaapisha, Kampi kwa ishara ya msalaba, Wachimbaji kwa kuinua mkono. Nikasema, na maneno haya ni yangu, sikuwekewa mdomoni na mtu: mpaka fainali, hakuna mtu atafungua kinywa. Nilifikiri nikipata siku hizo nitapata na njia. Hapa kwetu kila mtu anajua kinachotokea mahali panapoonekana jiwe la kijani. Nyumba zimebomolewa kwa ajili yake, watu wamechimba chini ya vitanda vyao. Uwanja wa mpira usio na mwenyewe ungekwisha kwa asubuhi moja.

Kiapo hakikufika Ijumaa jioni. Nilipotoka shule nilikuta watu uwanjani wanatembea, watu ambao hawajawahi kuniuliza habari za mechi hata moja. Walitembea polepole, macho chini, mikono nyuma, kama wameangusha funguo. Mwingine alijifanya anafunga kamba ya kiatu naye amevaa ndala. Kwenye kona ya upande wa kiwanda mwanaume mmoja alikuwa ameshainua koleo.

Nilikimbia. Chaki ilikuwa bado mikononi. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, na yule mwanaume, kwa mazoea tu, akaangusha koleo akainua mikono yote miwili kama beki anayesema hakugusa mtu. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeondoka. Walisogea hatua chache wakasimama, wakaniangalia, na nikaona kwamba filimbi itawazuia leo na labda kesho.

Usiku haujaingia, chef wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akabisha hodi kwangu. Ni mtu mpole, ana kifua kibovu kama wanaume wengi wa rika lake, na hakutaka kukaa.

"Mama Arbitre, batu bote banajua," akasema. "Minye niko na mudomo moja, bo beko na makoleo mingi. Siweze kubakataza. Lakini nimepatana nabo. Weye njo ulisema mpaka finale, na bo bamekubali: mpaka siffler ya mwisho ya finale, hakuna muntu anagusa terrain."

"Na baada ya filimbi hiyo?"

Akatazama vidole vyake. "Baada ya siffler, mama, hakuna ligi tena ya kungojea."

Alidhani amenifanyia hisani. Nilimfungia mlango kwa adabu, nikakaa kitini na ghadhabu yangu, kwa sababu nilielewa vizuri alichonipa. Uwanja utakufa nitakapopuliza mimi.

Jumamosi jioni nilipika nje, kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Umeme ulikuwa umekatika, watu wakasema ni mambo ya bwawa la Mwadingusha tena, kama wanavyosema kila mara. Nilisonga bukari, ugali wetu, nikakaanga ndakala, samaki wale wadogo anaowapenda mdogo wangu. Mkewe alikuwa amekwenda kwenye maombi. Tulikuwa wawili tu, na nilimwacha ale matonge kadhaa kwanza. Nilikuwa na ombi, na akiwa na njaa hasikii.

"Wanakusikiliza wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeshika lile jiwe. Waambie halina kitu. Sema limeoza, sema ni rangi tu. Watakuamini."

"Bote baliona, yaya."

"Waliona ukitema mate! Teneur, kiasi cha shaba iliyomo, wameiona wapi?"

Alinawa mkono wake polepole. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Kule niko nashuka kila siku, unajua kuko namna gani?"

Nikasema najua ni shimo kama mashimo mengine.

"Miti inaoza," akasema. "Ile inashikilia juu. Maji inaingia, miti iko naoza, na hakuna muntu anabadilisha. Kule ndani, udongo iko nalia, yaya. Inalia kwanza kidogo, kama mulango. Ukisikia, unaacha kila kintu, unapanda. Juzi nilipanda miguu wazi. Sapato zangu ziko kule chini mpaka leo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungelala?"

Moshi wa makaa uliniingia machoni na nilishukuru kwa hilo. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nikachagua kugomba, maana ndiyo kazi niliyoizoea.

"Na sisi Jumapili tukae wapi? Matanga yatangazwe wapi? Mrudi kutupiana mawe penye bomba?"

"Unafikiri haiko naniuma?" akasema, na sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ile goli ni yangu. Minye njo nasimama pale. Lakini hapa, yaya, ni nyumbani. Udongo ya hapa ni kavu. Ikilia, naruka inje, na naona paa ya nyumba yako."

Hakuniahidi chochote. Nilikusanya sahani nikazigonganisha zaidi ya ilivyohitajika.

Jumapili makanisa ya pande zote mbili yalitoka mapema. Hilo peke yake lilitosha kunitia hofu, kwani yule mchungaji wa Wachimbaji sikuwahi kumjua akikatisha maombi kwa ajili ya kitu chochote. Nilipofika, watu walikuwa wamejaa kuliko fainali yoyote niliyoiona. Nyuma yao, kuzunguka uwanja mzima, baiskeli zilikuwa zimelazwa na magunia matupu yamefungwa nyuma. Mitaimbo na makoleo yalikuwa chini, yamefunikwa na vitenge na maturubai, kwa heshima, kana kwamba hatuyaoni.

Nikapuliza, mpira ukaanza.

Walicheza vizuri, na hilo liliniumiza. Hakuna aliyepiga mtu, hakuna aliyenijia na kidole. Wachimbaji walifunga mapema kwa kichwa, Kampi wakarudisha kabla ya mapumziko. Muuza karanga alikwenda katikati na matangazo yake. Kulikuwa na mtoto aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya shule, na matanga ng'ambo ya reli. Bomba litafungwa Jumanne. Kila mara alimaliza kwa kusema ni timu gani zitakutana Jumapili ijayo. Safari hii alifungua mdomo, akaufunga. Akatoka uwanjani, akaanza kufunga karanga ambazo hakuna aliyeziomba.

Kipindi cha pili kilikwisha bila goli. Fainali yetu haikuwa na penalti. Tangu mwanzo wa ligi sheria ilikuwa kwamba timu zikilingana, zinaendelea kucheza mpaka mmoja afunge, na goli hilo ndilo linamaliza. Nikawapa maji, nikawarudisha. Wakati wanajipanga, kapteni wa Kampi alipita karibu nami bila kugeuza kichwa.

"Tumepatana," akanong'ona. "Shiye hatufunge. Tutacheza mpaka giza. Kesho tutarudi."

Nilipaswa kumkemea. Nikaangalia saa yangu kana kwamba hakusema kitu.

Basi wakacheza mchezo wa ajabu. Kampi waliushika mpira wakaupeleka kushoto, wakaurudisha kulia, wakampa kipa wao, kipa akawapa tena. Watu walipiga miluzi, halafu mmoja mmoja wakaelewa, na upande wetu wa uwanja ukaanza kushangilia pasi za nyuma kama ni magoli. Wachimbaji walikimbia wakitafuta mpira mpaka wakahema. Walipoupata walishambulia kwa hasira. Shuti moja lilipiga bomba la goli la upande wa kanisa, likalia kama kengele. Pembeni wenye magunia walianza kulalamika. Mmoja alipaza sauti kwamba Mama Arbitre analiacha jua lizame. Nikamwonyesha kidole akae, akakaa.

Mara moja kapteni wa Kampi alijikuta peke yake mbele ya mdogo wangu. Hakukuwa na mtu kati yao. Mdogo wangu alitoka golini, mikono wazi. Kapteni akausimamisha mpira kwa wayo, akamtazama, akageuka akaurudisha nyuma. Nilimwona mdogo wangu akishusha mikono. Sikuweza kusoma uso wake, kama alishukuru au alijiona ametukanwa.

Jua lilikuwa limeshagusa bomba la moshi la kiwanda. Nilianza kuamini. Nilianza hata kupanga: kesho baada ya shule, keshokutwa, wiki nzima, wenye magunia watachoka, wanunuzi wa shaba watakwenda kutafuta mawe kwingine. Nilikuwa nimekwisha kuuokoa uwanja kichwani mwangu wakati beki mmoja wa Kampi alipobanwa akaupiga mpira juu, mbele, bila kuangalia, ili tu uondoke.

Ulishuka nyuma ya bega la kapteni. Angeweza kuuacha upite. Lakini kijana yule amecheza mpira kwenye vumbi lile tangu hajaweza kufunga vifungo vyake, na mguu wake haukumngoja afikiri. Aliupiga ungali hewani. Ulikwenda moja kwa moja, juu ya vidole vya mdogo wangu, chini ya mwamba.

Nilifurahi. Sitaificha aibu hiyo: nilifurahi mpaka kwenye nyayo. Kampi nzima ilivamia uwanja, mama watu wazima wanarukaruka na watoto mgongoni, watu wanalia, watu wanamwagiana maji. Tangu nianze kupuliza hatukuwahi kulichukua kombe. Kapteni alikimbia mikono juu mpaka karibu na kona, na pale nikamwona anapunguza mwendo, anasimama, anashusha mikono. Akageuka akanikimbilia mimi.

"Mama Arbitre, nilikuwa hors-jeu," akasema akihema. "Sema nilikuwa hors-jeu. Nakuomba, mama. Futa ile goli."

Kelele zilizima kuanzia karibu yetu kwenda nje. Watu wote wakanitazama, wa Kampi na wa ng'ambo ya reli. Pembeni walioinama kuchukua makoleo walibaki wameinama.

Hakuwa ameotea. Beki wa Wachimbaji alikuwa amebaki nyuma, karibu na nguzo, na alijua hivyo, na wenzake walijua. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa ameuokota mpira, ameukumbatia kifuani, ananitazama. Kama angeinua mkono kuomba goli lifutwe, nadhani ningelifuta. Hakuinua. Hakutikisa hata kichwa. Aliniachia mwenyewe.

Neno moja lilitosha. Hakuna ambaye angenipiga, wengi wangenibeba. Lakini miaka yote ile niliwaambia vijana hawa, wa pande zote mbili, kwamba kinachoonekana na macho yangu ndicho nitakachopuliza, na kwa hilo tu walikubali kukaa chini nilipowaambia wakae. Nilijaribu kuinua mkono kulifuta. Ulikuwa mzito, haukukubali uongo. Nikanyoosha kidole katikati ya uwanja: goli. Nikaweka filimbi mdomoni nikapuliza ya mwisho, ndefu, nikiichukia.

Waliingia polepole kwanza, kama wageni wanaoingia nyumba ya watu. Halafu mmoja akakimbia, na wote wakakimbia. Walipita katikati ya waliokuwa wakishangilia. Nilisikia koleo la kwanza, halafu sikuweza kuyatofautisha tena. Kapteni wetu alikuwa amekaa chini amejifunika uso kwa jezi, na kombe liko miguuni mwake, hakuna aliyelikumbuka.

Mimi nilikwenda kwenye goli la upande wa kiwanda, nikasimama juu ya ule udongo mlaini tuliokuwa tumeukanyaga Alhamisi. Nikapanua miguu. Mdogo wangu akaja. Alikuwa amevua glavu zake, mtaimbo uko mkononi.

"Yaya, sogea."

Nikamwambia sisogei. Nikamwambia amwite chef, amwite padri, amwite na huyo mchungaji wake aliyekatisha maombi, mimi sisogei. Nikamwita mlafi, nikamwita mtu asiye na kwao. Nilisema mambo ambayo mama angenizaba kibao kwa kuyasema. Yeye hakunigusa. Aliusimika mtaimbo chini, akauegemea, akangoja.

Kulia kwetu walikuwa wameshagawana ardhi kwa visigino. Kushoto shimo moja lilikuwa limefika magoti. Wenzake walimwita, wakampigia kelele kwamba nafasi inakwisha, kwamba anachezea bahati yake. Mmoja, mtu mkubwa ambaye sikumfahamu, alikuja akanyoosha mkono anisukume nitoke. Mdogo wangu alimzuia kwa kifua, akamwambia, "Usiguse yaya yangu," akarudi akasimama palepale, anangoja.

Ndipo nikaelewa kwamba atangoja tu. Angengoja mpaka kila mtu apate shimo lake na yeye abaki bila kitu, na asingenisogeza hata kidole. Na kesho yake alfajiri angepita mbele ya dirisha langu miguu wazi, akarudi kule miti inakooza.

Nikasogea. Nikakaa chini kando ya nguzo, mahali ambapo ningemwona kila akitokeza kichwa.